Siku Tuliyomtafuta Yusta Visiwani

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa South End, Louisville, ananiuliza swali moja: Mama yuko wapi? Mlituona tukiondoka wawili, mkaniona nimerudi peke yangu, na baadhi yenu mmeogopa hata kuuliza. Mnanishika mkono na kuniangalia tu. Mama ni mzima. Hilo nilitangulize, mtu asisome huku roho iko juu. Lakini nimechoka kuisimulia safari hii nusu nusu kwenye maegesho ya kanisa, huyu akisikia mwanzo na yule akisikia mwisho, kwa hiyo naiandika yote mara moja. Mambo ya tiketi na karatasi za hospitali nayaruka. Mnayajua, yanachosha kuyasoma kama yanavyochosha kuyajaza.

Kwa wale msiotufahamu vizuri: Mama alizaliwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi na dada yangu Yusta tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Yusta aliolewa palepale kambini na Mkongomani, jina lake likahamia kwenye faili la mumewe, na wao wakaletwa Marekani kabla yetu wakawekwa Buffalo. Zamu yetu ilipofika, sisi tukawekwa Louisville. Miaka yote hiyo Mama amekuwa na Yusta kwenye simu tu. Mimi nafanya kazi ghalani, Yusta anatunza wazee majumbani mwao, na siku zangu za kupumzika zilikuwa hazikutani na zake. Zaidi ya hapo, kwa habari mbaya tunazozisikia mwaka huu kutoka Bujumbura, hata wazo la Mama la kurudi siku moja kulitazama ziwa lake tumeliweka kando.

Majira ya baridi yalipokwisha, daktari alimwambia Mama kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri, na kwamba inabidi apasuliwe kifua ili urekebishwe. Mama hakukataa kwa kelele. Alisema, "Nitafikiri." Kila nilipomuuliza, alikuwa bado anafikiri. Mwishowe, siku moja tukichambua mboga, akaniambia bila kuinua macho:

"Jene, nimwone Yusta kwanza. Nikishamwona, nitawajibu."

Daktari alituruhusu kusafiri, ila Mama asikae kwenye kiti muda mrefu; ashuke, atembee, apumzike. Kwenda hadi Buffalo na kurudi ndani ya mapumziko yangu mafupi kulionekana hakuwezekani. Yusta ndiye aliyepata wazo. Akina mama wa kanisa lake walikuwa wanakwenda matembezi ya siku moja kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Erie, upande wa Ohio, kama katikati yetu na wao. Angepanda gari lao. "Tukutane kisiwani," alisema. "Mama aone na maji."

Louisville hadi Columbus

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kwa basi. Mama alikuwa amekaanga migebuka, samaki wa ziwa la kwao, usiku uliopita, ile ya barafu tunayoinunua kwenye duka la Warundi, akaipanga kwenye bati la biskuti na kulifunga kwa kitambaa. Alilipakata bati hilo magotini njia nzima kama mtoto mchanga.

Karibu na Cincinnati kiyoyozi cha basi kilikufa. Dereva akatuingiza kituoni, akasema tusubiri basi jingine, na kusubiri kwenyewe kukawa kurefu. Joto lilipopanda, harufu ya samaki ikapanda nayo. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, mwenye kofia ya majani, aliyekaa benchi la jirani, akaanza kunusa. Nikajua sasa tutasemwa. Akageuka akaniuliza kama yule ni kambare.

Mama alilisikia neno la Kiingereza la samaki, ni moja ya maneno aliyonayo. Akafungua bati, akamchagulia mgebuka mmoja, akampa. Mzee alikula akimaliza nyama yote hadi mfupa wa mgongo, akajifuta mikono, akasema hajala samaki aliyekaangwa hivyo tangu bibi yake afariki. Kisha akauliza kama anaweza kuongezwa.

"Mwambie hapana," Mama alisema. "Hawa ni wa Yusta."

Nikamtafsiria. Akauliza Yusta ni nani, nikamweleza kidogo. Akavua kofia, akamwinamishia Mama kichwa, na basi lilipokuja yeye ndiye aliyembebea mkoba hadi mlangoni.

Columbus tulifika jioni. Kaka Elie alitupokea kituoni akatupeleka kwake Whitehall. Elie ni Mkongomani kutoka milima ya Kivu ya Kusini, tulifahamiana kwenye mikutano ya kwaya, na ndiye aliyekubali kutuendesha hadi ziwani. Mkewe alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na maharage. Mama alikula kidogo, akauliza mara nyingi.

"Hicho kisiwa unakijua kweli, mwanangu?"

"Mama, usiogope," Elie alisema. "Minakijua. Mwaka jana nilienda kule na batu ba kazi. Unafika ku bandari, unapanda bateau, bon, umefika. Iko kisiwa kadogo, kazuri."

Nikampigia Yusta. Nikamwambia Elie anakijua. Yusta akasema hata wao dereva wao anakijua, na kwamba nikishuka bandarini nimtafute karibu na kibanda cha aiskrimu. Tukacheka. Mama aliomba simu, akasema, "Lala, kesho tutaonana," akairudisha haraka kama mtu anayeogopa kuitumia yote.

Majini

Ziwa Erie halijitangazi. Unapita mashamba ya mahindi, nyumba, mashamba tena, halafu barabara inaisha na mbele yako ni maji mpaka mbinguni. Elie alipozima gari Mama hakushuka. Alikaa akitazama kupitia kioo.

"Upande wa pili hauonekani," alisema.

"Wa pili ni Kanada, Mama."

"Sisi kwetu tuliona milima ya Kongo."

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Nilitaka kumzuia, nikachelewa. "Hayana chumvi," alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Ni ziwa kweli."

Kivuko kilikuwa cha wazi, magari katikati na watu pembeni. Mama alisimama akishika chuma kwa mkono mmoja na bati kwa mkono mwingine. Mara ya mwisho kupanda chombo cha majini ilikuwa usiku wa kukimbia kutoka Rumonge, mimi nikiwa mgongoni mwake na Yusta akimshika nguo. Niliogopa kwamba atayakumbuka hayo. Labda aliyakumbuka. Lakini alichosema ni kwamba shakwe wa huku wanene, wanakula nini?

Kisiwani

Kibanda cha aiskrimu kilikuwepo, kama Yusta alivyosema. Mbele yake kulikuwa na mabenchi, baiskeli, na watu waliojipaka mafuta ya jua mpaka wanang'aa. Kisiwa hicho kinaitwa Kelleys, na watu wake hawana haraka. Wanatembea katikati ya barabara. Wanaendesha vigari vidogo vya gofu visivyo na milango, wakisalimia kila mtu. Tulikaa kwenye benchi. Kila mwanamke mweusi aliyeshuka kwenye kivuko, Mama alinyanyuka kidogo, kisha akakaa tena.

Nilimpigia Yusta. Simu ilikatika. Nikapiga tena.

"Mko wapi?" Yusta aliuliza. "Nimewangoja mpaka nimechoka."

"Tupo kibanda cha aiskrimu."

"Na mimi nipo kibanda cha aiskrimu."

Nikasimama, nikageuka huku na huku. "Nyoosha mkono, dada."

"Nimenyoosha. Wewe huoni mnara? Nipo karibu na mnara."

"Mnara gani?"

"Jene, huu mnara huwezi kukosa kuuona! Mrefu, wa mawe, umefika mawinguni."

Niliangalia juu. Miti, bendera ya duka, shakwe. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akiuza aiskrimu mnara uko wapi. Akacheka kwa upole, akasema mnara uko, lakini hauko hapa. Uko kisiwa kingine.

Elie alishika kichwa kwa mikono miwili. "Donc iko visiwa mbili! Pole, mama. Pole sana. Mimi nilijua hii moja tu."

Mama alinitazama nimweleze. Nilimweleza. Alilipapasa bati, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Huo mnara unaonekana kutoka hapa?"

Yule kijana alisema unaonekana kutoka ufuko wa magharibi. Mwenye vigari vya gofu, mwanamume mwenye ndevu nyeupe, aliposikia kisa alituambia tupande tu, yeye mwenyewe ataendesha. Mama alikaa mbele. Kigari kilipochukua kasi akashika kilemba, na kwenye kona ya kwanza akacheka. Ndugu zangu, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu siku ya daktari.

Ufuko wa magharibi ni miamba bapa inayoingia majini. Mbali, ng'ambo ya maji, kulikuwa na kisiwa kingine, mstari wa kijani tu, na juu yake kitu chembamba kimesimama kama kijiti cha kiberiti. Nikampigia Yusta.

"Dada, tunauona mnara wako."

Yusta akauliza, "Mama anauona?"

Nikaweka simu kwa sauti kubwa, nikampa Mama. Mama alikuwa amekwisha kuvua kitenge cha mabegani na alikuwa anakipunga. Mtu wa kisiwa kile asingeweza kuona hata nyumba za huku, seuze kitenge. Lakini alipunga kwa mkono wote.

"Yusta! Unaniona?"

"Nakuona, Mama," Yusta alisema.

"Muongo wewe," Mama alisema, akaendelea kupunga.

Elie alikuwa ameenda kuuliza vivuko. Alirudi na jasho: hakuna chombo cha moja kwa moja kati ya visiwa hivi saa hiyo, inabidi turudi nchi kavu, tuendeshe hadi bandari ya pili. Foleni ya kurudi imefika barabarani, vyombo viwili vya kwanza vimejaa. Tukapatana na Yusta kwamba na yeye atavuka, tukutane kwenye bandari ya upande wake. Gari lao la kanisa lingeondoka mchana kabla ya saa tisa, kwa kuwa jioni alikuwa na shifti kwa bibi anayemtunza, na bibi yule haachwi peke yake.

"Basi tule," Mama alisema. "Huku tunangoja."

Akaweka simu juu ya jiwe, akafungua bati. Upande wa pili tulimsikia Yusta akifungua mfuko wa plastiki. Alikuwa amemletea Mama vitumbua na kuku. Akaanza kula vitumbua vya Mama, na Mama akala migebuka ya Yusta, na wote wakasifu.

"Umetia pilipili?"

"Kidogo, Mama. Wewe umekausha vizuri samaki?"

"Ungewasikia mlio wao."

Akavunja mkia wa mmoja karibu na simu. Yusta alicheka, halafu hatukumsikia tena. Niliangalia skrini, ya kwangu ilikuwa na chaji. Simu yake ndiyo iliyozima. Mama aliendelea kutafuna polepole akiutazama ule mnara. Upepo ulikuwa umeanza, na maji yaliyokuwa laini asubuhi yakawa na manyoya meupe.

Bandari ya pili

Upepo ule ulituchelewesha. Kivuko kilichokuwa zamu yetu kilikaa kwanza gatini, wafanyakazi wakizungumza kwenye redio, na kilipong'oka kilikwenda kwa kujikokota. Nchi kavu Elie aliendesha kama mtu aliyebeba mayai anayekimbiza mwizi: haraka, halafu anamkumbuka Mama, anapunguza. Barabara ilikuwa na magari ya watalii yenye mashua nyuma. Nilipiga simu ya Yusta mpaka kidole kikachoka.

Bandari ya pili tulikuta watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Yusta. Nilikimbia kwenye maegesho, nikachungulia kila gari kubwa. Nikaenda vyooni nikaita jina lake. Niliporudi, Mama alikuwa amesimama mbele ya dirisha la tiketi na msichana wa ndani alikuwa anamwonyesha mfuko.

Yusta alikuwa ameondoka. Si muda mrefu. Msichana alisema mwanamke alisimama pale mpaka dereva akapiga honi mara kadhaa, akalia, akaacha mfuko na kusema: atakuja bibi mmoja amefunga kilemba, mpe.

Ndani kulikuwa na vitumbua vilivyobaki na kitenge cha bluu. Mama alikitoa, akakinusa. Alikiweka usoni kwa muda, watu wakimpita huku na huku na makasha yao ya vinywaji.

"Tumepishana kwa sababu ya upepo," nilisema. "Mama, tutapanga tena."

Alikikunja kitenge vizuri, akakitia begani. "Elie, mwanangu. Buffalo ni upande gani?"

Elie alionyesha mashariki.

"Ni mbali?"

"Mama, iko mbali. Saa ine, saa tano hivi."

"Mama, daktari alisema..." nilianza.

"Nilimsikia daktari. Alisema nitembee. Tutasimama, nitatembea." Kisha akaniambia kwa Kirundi, polepole, kwamba ameuona mnara, amesikia sauti, amenusa nguo, na sasa hawezi kugeuka.

Elie alimpigia mkewe. Nilimsikia akisema, "Bon, nitarudi kesho. Hapana, si ajali. Ni mama, anamutaka mutoto wake." Alisikiliza kidogo, akafungua mlango wa gari. "Bibi yangu anasema, tunangoja nini?"

Barabara ya Buffalo

Safari hii siisifii. Tulisimama kila mahali pa kupumzikia. Mama alizunguka maegesho akinishika mkono, akahesabiwa na madereva wa malori kama mtu wa mazoezi. Mmoja alimpigia makofi.

Baada ya Cleveland alinyamaza. Karibu na mpaka wa Pennsylvania niligeuka nikaona uso wake una jasho na midomo imepauka. Elie aliegesha. Tulimlaza kwenye nyasi chini ya kivuli, miguu juu ya mkoba, nikamfungulia nguo shingoni. Nilikuwa tayari nimeshika simu kuita gari la wagonjwa.

"Usiite," alisema. "Nipe maji."

"Mama, ukinifia hapa nitawaambia nini watu?"

"Waambie nilikuwa njiani." Kisha aliona nilivyobadilika, akanivuta mkono. "Sifi, Jene. Nimechoka tu. Na naogopa."

"Unaogopa nini?"

Juu yetu majani yalikuwa yanageuka geuka. "Kisu. Mtu kufunguliwa kifua kama mlango. Nani amefunguliwa hivyo akarudi? Wewe unamjua hata mmoja?"

Sikumjua. Nilitaka kumdanganya, sikuweza. Tulikaa pale hadi rangi yake iliporudi, naye akala kitumbua kimoja, na Elie akaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini huku akijifanya anakagua matairi.

Mume wa Yusta ndiye aliyetupa anwani kwa simu. Alisema Yusta amefika Buffalo, amepitiliza kazini, na akiwa kazini simu huiweka kwenye begi. "Nendeni kulekule," alisema. "Bibi ni mutu muzuri."

Nyumba ya Bi Doroti

Jua la Juni huchelewa kuzama kule. Tuliifikia nyumba bado kukiwa na mwanga: nyumba ya mbao, baraza lenye kiti cha kubembea, maua kwenye ndoo. Elie alibaki garini. Mama alikataa nimshike. Alipanda ngazi mwenyewe, akapumzika, akabonyeza kengele.

Yusta alifungua akiwa amevaa glovu. Alinitazama mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mrefu. Kisha akateremsha macho.

Miaka yote nilikuwa nimejiuliza Mama atasema nini siku hiyo. Alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema:

"Umenenepa. Vizuri."

Yusta alipiga magoti palepale mlangoni na glovu zake, akamkumbatia kiunoni. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa, akafika masikioni, akafika kidevuni, kama anayehakikisha hakuna kilichopotea njiani. Mimi nilikaa kwenye ngazi.

Ndani sauti ya kizee iliuliza kwa Kiingereza ni nani. Nikajibu mimi, Yusta bado amemkumbatia Mama: ni mama yake. Kisha sauti ikasema, sasa mnamwacha mama wa watu barazani?

Bi Doroti, yule bibi anayetunzwa na Yusta, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama ndege, nywele nyeupe, midomo imepakwa rangi nyekundu. Alitaka Mama aketi karibu naye. Yusta alituletea chai. Bibi alitaka kisa chote, nikamsimulia, visiwa viwili, mnara, kitenge. Alicheka mpaka akakohoa. Alipouliza kwa nini tulikuwa na haraka kiasi hicho, nilisita, nikamwambia habari ya moyo na kisu.

Bi Doroti aliweka kikombe chini. Alimtazama Mama. Kisha, bila kuniomba nitafsiri chochote, alifungua vifungo vya juu vya gauni lake.

Kovu lilianzia chini kidogo ya shingo likashuka katikati ya kifua, jeupe, limenyooka, la zamani. Akachukua mkono wa Mama, akauweka juu yake.

Mama hakuuondoa. Alilifuata lile kovu kwa kidole hadi lilipoingia ndani ya nguo. Akatulia, kiganja kikiwa wazi juu ya kifua cha yule mzungu, na nikajua anasikiliza mapigo.

"Lini?" aliuliza kwa Kirundi, akimtazama Bi Doroti mwenyewe. Nikauliza kwa Kiingereza.

"Kabla mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa," Bi Doroti alisema. "Sasa ana ndevu."

Nilimtafsiria. Mama alicheka, akamfunga bibi vifungo vyake kimoja kimoja, taratibu, kama anayemvalisha mtoto. Kisha akamgeukia Yusta.

"Nyumba yako iko mbali na hospitali?"

"Si mbali, Mama."

"Basi wanifungulie huku."

Yusta alinitazama. Mimi nilimtazama Mama. Nilisema daktari wetu yuko Louisville, na vitu vyake vyote viko Louisville, na chumba chake. Nilisema na mengine. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe nimekuwa nawe, Jene," alisema. "Yeye bado."

Kurudi

Jumapili Elie aliondoka alfajiri, ili awahi angalau mwisho wa ibada Columbus. Mama alimbariki kwa maneno mengi na kumpa bati tupu ampelekee mkewe. Watoto wa Yusta walimzunguka bibi yao. Aliwaongelesha Kiswahili, walimjibu Kiingereza, na hakuna aliyeonekana kutatizika. Mchana Yusta alitupeleka ziwani, mahali lilipo bustani na reli ya kuegemea. Walikaa wawili kwenye benchi, mabega yamegusana. Mimi nilisimama nyuma yao nikiwa nimeshika viatu vya Mama.

Nilipanda basi peke yangu. Columbus nilibadilisha, Cincinnati nikabadilisha, kila basi likafika kwa wakati wake. Sikula chochote. Kiti cha jirani alikaa mwanafunzi mwenye vipokea sauti masikioni, akaweka begi lake pale ambapo Mama angeweka miguu.

Mlilokuwa mnasubiri ni hili: operesheni imefanyika. Sikuwepo, kazini hawakunipa siku tena. Niliambiwa ilikuwa ndefu, na kwamba alipoamka aliuliza kama Bi Doroti ameambiwa. Sasa yuko nyumbani kwa Yusta, anatembea kutoka kitandani hadi jikoni, na daktari wa huko ameridhika naye. Atakaa Buffalo mpaka apone. Baada ya hapo hajasema, nami sijamuuliza.

Jana nilimpigia nilipotoka shifti. Aliniuliza kama nimekula, kama mvua imenyesha, nani ameketi kwenye nafasi yake kanisani. Kisha Yusta alimwita jikoni aonje kitu, Mama akaiweka simu mezani akisema anarudi. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria. Nilimsikia Mama akisema punguza moto, na Yusta akibisha, na Mama akicheka, akisema usinichekeshe, mshono unauma. Walihamia kwenye habari za Rumonge, za mtu aliyekuwa akiuza mihogo, ambaye mimi simkumbuki maana nilikuwa mdogo. Mama alikuwa amenisahau mezani. Nilikaa kwenye gari, maegesho yakiwa yamebaki matupu, simu sikioni, nikawasikiliza hadi wakapakua.